Gorogoro Iliyofika Marsabit

Cha, cha, chaaa.

Kulikuwa bado giza Adero aliposikia sauti hiyo. Aliijua bila kufungua macho. Ilikuwa sauti ya omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, wakimiminwa kwenye mkebe. Kwanza walianguka kwa kelele, wakigonga bati tupu. Kisha sauti ikapungua, ikapungua, hadi mkebe ulipojaa na kunyamaza. Halafu ukafuata mlio mwingine mdogo, fyaa, kama mtu anayefagia kwa kidole. Huo ulikuwa mkono wa mama yake, Celestine, ukiongeza kiganja kimoja juu hadi omena wakasimama kama kichuguu.

Mkebe huo waliuita gorogoro, kama watu wote wa Kisumu wanavyouita. Zamani ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Ubavuni rangi ilikuwa imechubuka, lakini bado ungeweza kusoma maneno "KILO 2". Mama Adero alipimia omena kwa mkebe huo. Mama yake, ambaye Adero alimwita Dani, yaani bibi, alipimia kwa mkebe kama huo huko Asembo Bay alikokausha omena ufukweni. Mteja akishajaziwa, husema, "Niongeze," naye muuzaji hutupia kiganja juu. Ndivyo ilivyokuwa tangu Adero azaliwe.

Asubuhi hiyo, mama hakubeba karai lake mara moja. Aliketi kitandani kando ya binti yake.

"Umeamka?"

"Nimeamka, Mama."

"Shangazi yako wa Nakuru amepiga simu tena. Nafasi ya kupika katika ile hoteli bado ipo. Anataka jibu kabla ya shule kufunguliwa."

Adero aliketi kitandani. Alijua maana yake. Tangu baba yake afariki, walikuwa wawili tu katika chumba hiki cha mtaa wa Kaloleni. Mama akienda Nakuru, yeye angepelekwa kwa Dani, angebadilisha shule, na wangeonana Krismasi. Wauzaji wa omena sokoni walikuwa wengi mno siku hizi, na mara nyingi karai lilirudi jioni likiwa zito kama lilivyotoka.

"Na ukipata wateja wengine?" Adero aliuliza.

"Nikipata wa kununua kila mwezi, hata wachache, mimi siendi popote," mama alisema. "Lakini nitawatoa wapi, nyathina?"

Alimwita hivyo, yaani mwanangu, kwa sauti ya upole, kisha akainuka akabeba karai lake.

Jirani yao wa mlango wa tatu aliitwa Waringa, ila wote walimwita Mama Muturi, kwa jina la mwanawe. Yeye aliuza sweta za mitumba za watoto bila kuketi sokoni. Alizipiga picha, akaziweka kwenye ukurasa wake wa simu, na watu wa miji mingine wakamtumia pesa naye akawatumia sweta kwa basi. Jioni hiyo Adero alimshika mama yake mkono, wakaenda kumwona.

"Simu kama hii inaweza?" Mama Adero aliuliza, akionyesha simu yake iliyopasuka kioo pembeni.

"Inapiga picha?"

"Inapiga."

"Basi inaweza. Unataka kuuza nini?"

"Omena. Na nilifikiri pia mikeka, na zile leso za—"

"Ngoja, ngoja, Mama Adero!" Mama Muturi alicheka. "Kimoja. Mimi nilianza na sweta, viatu, sufuria na mafuta ya nywele, nikachanganyikiwa mpaka nikamtumia mtu sufuria badala ya sweta. Anza na kile ambacho mtu akikuamsha usingizini akakuuliza, unamjibu."

"Hapo ni omena," Adero alisema.

"Sawa. Piga picha asubuhi. Jua la saa sita linafanya kila kitu kionekane cheupe. Usiibe picha ya mtu mwingine hata ikiwa nzuri namna gani. Anachoona mteja ndicho kitakachomfikia. Weka mkono kando ya bidhaa ili ajue ukubwa. Andika bei. Ukiandika 'nipigie nikuambie', anapita kwa jirani. Andika kipimo. Mimi naandika kifua sentimita kadhaa, mkono sentimita kadhaa. Mtu akiuliza swali, mjibu siku hiyo hiyo, hata kama ni swali la kipumbavu."

"Na kwanza mtume kifurushi cha kujaribu," aliongeza Muturi, mwanawe, ambaye alikuwa darasa moja na Adero. Alikuwa ameegemea mlango akila muwa. "Mama alijitumia sweta mwenyewe kwanza. Ilifika imelowa chai ya mtu."

"Ni kweli. Jaribuni kufunga kwanza, kabla hamjamtumia mtu wa mbali."

Kwa hiyo kesho yake Adero alifunga omena kwenye karatasi ngumu ya kaki, akafunga kwa uzi, akampa Muturi.

"Mimi ni basi!" Muturi alipaza sauti. Akakitupa kifurushi juu, akakidaka, akakikalia, akakibingirisha mpaka kwenye mfereji na kurudi. "Tumefika Naivasha! Abiria washuke wanywe chai!" Karatasi ilipasuka, omena wakamwagika, na paka watatu wa Kaloleni wakatokea pasipojulikana.

"Umeniharibia!"

"Si mimi, ni barabara," alisema Muturi. "Tafuta katoni, bosi."

Adero alitafuta katoni. Safari hii basi la Muturi lilishindwa kuipasua, hata alipoikanyaga.

Jumamosi walienda Asembo Bay. Dani alikuwa ufukweni amepiga magoti, akigeuza omena juu ya nyavu zake. Hakuwahi kuwaanika mchangani, maana alisema mtu hapaswi kutafuna mchanga wa ziwa zima. Jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya wale samaki wadogo, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akimeta kama kipande cha kioo. Adero alisimama akawatazama kwa muda. Alikuwa amewaona maisha yake yote, lakini alipowaangalia ndani ya kioo cha simu, akifikiri kwamba mtu asiyemjua angewaona pia, alijiona kama anawaona kwa mara ya kwanza.

"Dani, weka mkono hapo kando."

"Mkono wangu huu? Umekunjamana kama ngozi ya kenge!"

"Ndio tunaoutaka."

Dani aliweka mkono wake juu ya wavu, vidole vimejaa magamba. Adero alipiga picha.

Waliporudi nyumbani, mama alimwachia Adero kazi ya kuandika kwenye ukurasa wao mpya, kwa kuwa insha zake za Kiswahili zilisifiwa shuleni. Aliandika: *Omena safi wa Asembo Bay, waliokaushwa juu ya nyavu.* Aliandika bei. Alipofika kwenye kipimo, alisita. Watu wa mbali wangejua gorogoro ni nini? Aliugeuza mkebe mkononi, akasoma ubavuni, kisha akaandika: *Kipimo: kilo mbili.*

"Ni sawa, Mama?"

Mama yake alisoma taratibu. "Ni sawa. Si imeandikwa hapo?"

Siku tatu zilipita bila neno. Siku ya nne, wakila ugali, simu ilitetemeka juu ya meza.

*Hamjambo. Mimi naitwa Maximilla. Ni muuguzi katika zahanati moja huku Marsabit. Nilizaliwa Busia na sijala omena miaka miwili. Nimeuona ule mkono wa bibi kwenye picha, nikamkumbuka nyanya yangu. Naomba kilo mbili. Zikinifurahisha, nina wenzangu wawili wanaotaka kila mwezi.*

Kabla hawajamaliza kusoma, simu ilitetemeka tena. Alikuwa amelipa.

Mama Adero aliweka tonge chini. "Amelipa? Hajaona hata mmoja! Hanijui! Hajui kama nipo!"

Adero alikimbilia ramani iliyokuwa nyuma ya kitabu chake. Aliweka kidole gumba juu ya Kisumu na kunyoosha kiganja chake chote. Kidole cha mwisho hakikufika Marsabit. Alisogeza kitabu karibu na taa akaitazama ile nafasi yote iliyobaki, nyeupe, isiyo na mto wala ziwa. Mtu aliyekuwa mbali hivyo alikuwa ameuona mkono wa Dani.

Walimpigia Dani kumweleza.

"Huko Marsabit wana ziwa?" aliuliza.

"Hapana, Dani. Ni kukavu."

"Yawa! Samaki wangu watakwenda mahali ambapo maji yenyewe hayajafika!"

Asubuhi mama alijaza gorogoro hadi juu, akaongeza kiganja, wakafunga katoni na kuipeleka kituo cha mabasi. Adero alilitazama basi mpaka likapotea. Moyo wake ulikuwa umeondoka nalo.

Siku ya tano, mama akiwa sokoni na simu ameiacha nyumbani, Adero alifungua ukurasa wao. Chini ya picha ya mkono wa Dani palikuwa na maneno, mahali ambapo kila mtu angeweza kuyasoma:

*Msinunue hapa. Nililipia kilo mbili. Nimepima kwenye mizani ya watoto ya zahanati yetu mara tatu. Ni gramu mia saba na hamsini. Huu ni wizi. Maximilla.*

Adero alisoma mara moja, kisha mara ya pili. Masikio yalimwaka moto. Haiwezekani! Aliuona mkebe ukijazwa. Aliona hata kichuguu juu.

Alimkimbilia Muturi.

"Anataka za bure huyo," Muturi alisema baada ya kusoma. "Futa. Gusa hapo, halafu hapo. Nani ataona?"

"Lakini akiwa anasema kweli?"

"Mama yako akiyaona haya, si atapanda gari la Nakuru kesho?"

Neno hilo ndilo lililousukuma mkono wa Adero. Aligusa hapo, halafu hapo. Maneno yakatoweka. Ukurasa ukabaki safi, na mkono wa Dani ukabaki juu ya omena wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hakupata muda wa kufurahi. Kabla hajafika mlangoni kwao, simu ilitetemeka. Ujumbe huu Maximilla aliutuma kwao peke yao:

*Mmefuta maneno yangu. Nilikuwa bado nadhani labda mlikosea. Sasa nimejua. Niliuamini ule mkono.*

Adero aliketi kizingitini. Kusema wamepunja ni jambo moja, alifikiri, lakini huyu mama alikuwa bado amewaachia nafasi, na yeye kwa kidole kimoja ameifunga. Hakulia. Aliinuka, akajaza omena hadi kichuguu kwenye mkebe wa pili uliobaki nyumbani, wenye maandishi yaleyale, akaufunika kwa leso na kwenda kwa Mzee Oyugi, mwenye kinu cha kusaga mahindi.

Mzee Oyugi alikuwa mweupe kwa unga kutoka kichwani hadi viatuni. Alikuwa na mizani ndogo yenye tarakimu, aliyotumia kupimia pakiti za unga.

"Mzee, naomba kupima kitu."

"Kitu gani kinachonuka hivyo?"

"Omena."

"Hapana! Mizani yangu ni ya unga. Kesho watu watasema Oyugi anasaga samaki!"

"Tafadhali, Mzee. Nitaweka karatasi chini. Ni jambo la… ni jambo la Mama."

Mzee alimtazama usoni, akazima kinu. Kukawa kimya ghafla. Alitandaza karatasi mwenyewe. "Haya. Kwanza tujaze mahindi kwenye huo mkebe wako, tuone kama mizani yangu iko sawa."

Waliwamwaga omena kwenye leso, wakamimina mahindi yakajaa, kisha wakayaweka juu ya mizani. Tarakimu zilikimbia, zikasimama: kilo mbili na gramu kidogo.

"Umeona? Kilo mbili, kama mkebe unavyosema. Sasa lete hao."

Adero alimimina omena wote, pamoja na kichuguu. Tarakimu zikakimbia tena. Zikasimama.

Gramu mia saba na hamsini.

Mzee Oyugi aliinama, akafuta miwani kwa shati, akatazama tena. "Yawa! Hebu watoe uwarudishe."

Waliwatoa, wakawarudisha. Mia saba na hamsini.

"Miaka ishirini nimepima mahindi," Mzee Oyugi alisema polepole, "na miaka hamsini nimekula omena. Sijawahi kufikiria." Aliokota omena mmoja, akamweka kiganjani, mwepesi kama jani. "Huyu amekaushwa, hana maji. Na wakilala kwenye mkebe, kati yao mnabaki hewa. Mkebe ni uleule, lakini umejaa hewa."

Adero alizitazama zile tarakimu nyekundu. Aliwafikiria Dani, na mama yake, na wanawake wote wa ufukweni na sokoni waliouita mkebe huo kilo mbili, na wateja wote waliokubali. Hakuna aliyempunja mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliuona mkebe kwa macho yake. Ila muuguzi mmoja jangwani, mwenye mizani ya kupimia watoto, ndiye aliyejua jambo ambalo hapa kwao hakuna aliyelijua.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Alianza na mizani, kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi. Kisha akasema, "Na nilifuta maneno yake, Mama. Niliogopa utaenda Nakuru."

Celestine alikuwa akiosha karai. Aliliweka chini. Akakausha mikono kidole kwa kidole, na Adero akatamani agombezwe upesi yaishe.

"Njoo hapa," mama alisema. "Lile la kwanza lilikuwa kosa la mkebe, na langu, na la Dani. Nimeuza kwa mkebe ule tangu nikiwa na umri wako na sikujua. Hilo mtu hawezi kulionea aibu. Lakini ulipofuta, hapo mkebe haukuhusika. Unaelewa?"

"Naelewa, Mama."

"Na kuhusu Nakuru, usinishike kwa uongo. Nikibaki kwa sababu ya uongo, nitakuwa nimebaki kufanya nini?"

Hapo ndipo Adero alipolia, na mama yake akamwacha alie begani mwake mpaka akachoka.

Kisha walifanya kazi. Adero aliandika upya kwenye ukurasa, mahali palepale alipofuta: *Mteja wetu Maximilla alilipia kilo mbili, tukamtumia gramu mia saba na hamsini. Alisema kweli. Tuliamini maandishi ya mkebe bila kupima. Maneno yake niliyafuta mimi, na nilikosea. Tunamtumia zilizobaki.* Aliweka picha mbili: mkebe uliojaa, na omena walewale juu ya mizani ya Mzee Oyugi.

Muturi alipoyasoma alishika kichwa. "Mnajitangaza wenyewe! Wewe umeona duka gani linaandika hivyo?"

"Hili," alisema Adero.

Zilizobaki zilikuwa kilo moja na robo, karibu omena wote waliokuwa nyumbani. Walizipima kwenye kinu, Mzee Oyugi mwenyewe akisoma tarakimu kwa sauti kubwa kama anayesoma matokeo ya mtihani. Zilipotimia, Celestine alichukua kiganja kimoja akaongeza juu.

"Hajasema 'niongeze', Mama."

"Angekuwa hapa angesema."

Katoni ya pili iliondoka. Maximilla aliandikiwa kwamba iko njiani. Hakujibu.

Jumatatu ikapita, na Jumanne. Alhamisi shangazi alipiga simu kutoka Nakuru: hoteli itamwajiri mtu mwingine isipopata jibu Jumapili. Ijumaa mama alitoa begi chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akalirudisha. Jumamosi Adero aliitazama simu mara nyingi hata akaota kwamba inatetemeka. Ukurasa wao ulikuwa umesomwa na watu wengi, lakini hakuna aliyeagiza.

Jumapili walitoka kanisani kukiwa na jua kali. Walikuwa wamefika kwenye lango la Kaloleni mama alipofungua mkoba kutoa simu ampigie shangazi.

"Mama, subiri," alisema Adero. "Tufike nyumbani kwanza."

"Nyumbani hakutabadilisha kitu, nyathina."

Aliwasha simu. Alikuwa ameizima wakati wa ibada. Ilitetemeka mkononi mwake mara moja, mara mbili, mara tano.

Ya kwanza kuingia ilikuwa picha. Mizani ya watoto, ile yenye kitanda kidogo cha plastiki chenye ukingo, na ndani yake, mahali pa mtoto, walilala omena wa Asembo Bay. Chini yake Maximilla alikuwa ameandika:

*Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa tukichanja watoto vijijini, huko hakuna mtandao. Nimepima. Gramu elfu moja mia tatu na kumi. Mmezidisha. Nimesoma mlichoandika nikawasomea wenzangu kwa sauti. Hatujawahi kuona muuzaji akijishtaki. Mimi nataka kilo mbili kila mwezi. Wenzangu wanataka kilo moja moja. Dereva wa gari letu hajawahi kuona omena maishani mwake; naye anataka kujaribu. Mwambieni yule bibi mkono wake umefika.*

Jumbe nyingine zilikuwa za watu wengine wawili. Wote walikuwa wameandika jambo moja: walinunua kwa sababu ya ile picha ya mizani.

Mama Adero alisimama langoni akiwa na Biblia kwapani na simu mkononi, na watu wakimpita pande zote mbili. Alisoma ujumbe wote tena kutoka mwanzo, midomo yake ikitembea. Kisha akampigia shangazi.

"Wifi, asante sana. Mungu akubariki. Mpe mwingine hiyo nafasi." Akasikiliza kidogo. "Hapana, sijapata kazi nyingine. Nilikuwa nayo."

Jioni Mama Muturi alikuja na chupa ya chai, Muturi nyuma yake na muwa wake. Walisoma ujumbe wa Maximilla kwa zamu.

"Mimi nimejifunza jambo," alisema Mama Muturi. "Niliwaambia muandike kipimo. Sikuwaambia mpime! Kesho nami nitapima zile sweta upya. Nyingine nilikuwa naandika kwa kukisia."

Celestine alimimina chai. Alipomaliza, alimgeukia Adero, na sauti yake ilikuwa ile ya upole ya alfajiri ile.

"Sokoni, mteja anaona mkebe, ananusa, anashika, anauma mmoja. Macho yake yanatusaidia kuwa waaminifu. Lakini yule wa mbali hana macho hapa. Anachojua ni kile tu tulichomwambia. Fikiria, mtu hakujui, hajui hata kama upo, na bado anakutumia pesa yake na kungoja. Mimi jambo hilo linanishangaza mpaka sasa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, pima. Na ukikosea, sema wewe kabla hajasema yeye. Akishasema, usimfunge mdomo. Biashara hii haina kitu kingine cha kutushikilia."

Adero aliitikia kwa kichwa. Hata Muturi aliacha kutafuna.

Simu ilitetemeka mezani. Mteja mpya, kutoka Voi, aliuliza: *Huko kwenu nasikia mnapima kwa gorogoro. Hiyo ni kilo ngapi?*

"Mjibu wewe," alisema mama. "Mjibu kwa sauti, asikie kwamba kuna mtu."

Adero alifuta mikono kwenye gauni. Aliuweka mkebe mapajani, akaugeuza maandishi ya zamani yatazame ukutani. Akaibonyeza simu, akaisogeza karibu na mdomo.

"Gorogoro moja ya omena ni gramu mia saba na hamsini."